Plasta na rangi za kukinga moto: zinakupa dakika, hazizimi moto

RUSIZI – Mwezi Aprili 2025, boti ya mbao HB Kongolo ilishika moto kwenye Mto Kongo, karibu na Mbandaka. Viongozi wa eneo hilo walisema moto ulianza wakati abiria mmoja akipika ndani ya boti. Zaidi ya watu 100 walikufa. Baadhi yao waliruka majini bila kujua kuogelea.

Hapa Rusizi, wakimbizi na wenyeji husafiri pia kwa boti za mbao kwenye Ziwa Kivu, na wengi wanapika kwa makaa karibu na kuta za miti au shitingi. Je, kuna kitu cha kupaka ili nyumba au boti isiungue?

Rangi ya kukinga moto hufanya nini?

Haizimi moto. Inachelewesha joto ili watu wapate muda wa kutoka. Aina inayotumika zaidi kwenye nguzo za chuma huumuka kama andazi kwenye mafuta inapopata joto la nyuzi 200 hivi na zaidi. Inakuwa povu jeusi na nene linalokinga chuma. Chuma hakiwaki, lakini kikifika nyuzi 550 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na jengo linaweza kuanguka.

Na kwenye meli?

Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, SOLAS, unataka kuta muhimu zaidi za meli kubwa zizuie moto kwa dakika 60. Katika muda huo, joto la upande wa pili lisipande kwa wastani zaidi ya nyuzi 140. Kwa hiyo chuma hufunikwa kwa tabaka linalozuia joto. Bati peke yake hupitisha joto haraka: ubao unaoligusa kwa nyuma unaweza kuwaka hata kama mwali haujaufikia. Bati kati ya injini na mbao za boti halitoshi.

Nyumbani tutumie nini?

Rangi hizo ni ghali na zinahitaji fundi aliyefunzwa. Kinga iliyo karibu nasi ni udongo. Udongo hauwaki, na huchelewesha joto kufika kwenye miti.

• Kandika ukuta wa miti ndani na nje. Usiache nguzo wazi, hasa karibu na jiko.
• Changanya udongo na majani makavu yaliyokatwakatwa ili usipasuke sana. Ziba nyufa mapema, maana moto hupita humo.
• Usipake oili chafu au lami karibu na mahali pa kupikia. Husaidia dhidi ya mchwa, lakini hulisha moto.
• Rangi ya kawaida ya mafuta si kinga ya moto.
• Shitingi ni plastiki. Huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Weka mbabula mbali nayo, nje ikiwezekana. Makaa yanayowaka ndani pia hutoa hewa yenye sumu.

Muuzaji akikuambia rangi yake "haiungui", muulize: imepimwa kwa dakika ngapi, na cheti kiko wapi? Asipokuwa na jibu, usitoe pesa zako.

Ukiwa kwenye boti

Usipike wala kuvuta sigara. Bidoni za petroli zikae mbali na injini na abiria. Vaa jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka. Moto ukianza, hutakuwa na muda wa kulitafuta.

Moto ukitokea

Toa watu kwanza, vitu baadaye. Usirudi ndani. Nchini Rwanda, piga 111 kwa zimamoto au 112 kwa dharura. Kisha wajulishe majirani na kiongozi wa mudugudu au wa kambi.