Alama ya Sayansi Hupima Nini?



Ripoti za shule zinapofika nyumbani, hayakosi kuzuka maneno katika ghorofa zetu za Point na Albert Park. Mzazi aliyesoma Tanzania huiona tarakimu 1 mbele ya somo la sayansi akashangilia, kwani kwao divisheni ya kwanza ndiyo ya vinara. Hapa Afrika Kusini mizani imegeuka: 1 ni chini ya asilimia 30, na 7 huanzia asilimia 80. Hilo ni dogo, hurekebishwa kwa dakika moja, ingawa shangwe huwa imekwisha kuliwa. Kubwa ni kufahamu alama ile imepima kitu gani.

Wengi wetu tulilelewa na mtihani mmoja wa mwisho. Huko Kenya KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulimpangia mtoto sekondari yake kwa kazi ya siku chache tu. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba ukiingia twawahimiza watoto wakariri. Lakini tutazame somo la Physical Sciences katika gredi ya 12. Kuna karatasi mbili, ya fizikia na ya kemia, kila moja ina alama 150. Alama 100 nyingine hutokana na kazi za mwaka mzima, yakiwemo majaribio ya maabara. Kwa hiyo robo nzima ya alama 400 imekwisha kuwekwa kabla ya Novemba. Na katika karatasi hizo, maswali ya kukumbuka tu ni asilimia 15. Yaliyobaki yanadai mtoto aelewe, atumie na apime alichojifunza.

Hapo ndipo lugha inapowakwamisha watoto wetu. Chukueni mfano wa kutu. Mtoto anayekaa karibu na bahari hapa Durban huyaona madirisha ya chuma yakiliwa upesi, nayo ya mitaa ya ndani yakidumu. Akiulizwa kwa Kiswahili atasema kwamba chuma hushambuliwa na maji pamoja na hewa, na chumvi huharakisha jambo hilo. Hiyo ni sayansi safi. Karatasi ikimwambia "describe", anatakiwa aeleze kinachoonekana. Ikisema "explain", anatakiwa atoe sababu. Mtoto aliyehamia majuzi, aliyesomeshwa kwa Kifaransa huko Bukavu au Bujumbura, huweza kujibu la kwanza mahali pa la pili, akapata sufuri kwa jambo analolijua. Ripoti haitasema kwamba kilichopungua ni Kiingereza. Itasema sayansi.

Hatari yake si ya muhula mmoja. Mwisho wa gredi ya 9 mtoto huchagua masomo, na shule hutazama alama hizo hizo. Akielekezwa Mathematical Literacy badala ya Mathematics, na Physical Sciences ikamponyoka, mlango wa uhandisi utakuwa umefungwa akiwa na miaka 15 hivi.

Kwa hiyo tunawasihi msitosheke na ripoti. Mwombeni mwalimu, kwa adabu, awaonyeshe karatasi ya mtihani iliyosahihishwa, mkae na mtoto mezani. Kila alama iliyopotea iulizwe: hakujua, hakulielewa swali, au alijua lakini hakuonyesha njia? Katika hesabu za fizikia alama hutolewa kwa kanuni, kwa kuweka tarakimu mahali pake, na kwa jibu lenye kipimo chake. Mwenye jibu la makosa huweza kuokota alama mbili njiani, na aliyeandika jibu tupu akazikosa.

Mzazi asiyejua fizikia anaiweza kazi hii. Mtoto na asimulie swali kwa Kiswahili, kisha alisome tena kwa Kiingereza. Likieleweka kwa Kiswahili likapotea kwa Kiingereza, mwambieni mwalimu hivyo hivyo, kabla majina ya gredi ya 10 hayajapangwa.