Nyumba mpya za Pwani zipimwe hewa ukaa

Jiji la Dar es Salaam limevuka mpaka wake na sasa linajengwa mkoani Pwani. Upande wa Kibaha, kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na upande wa Kisarawe ukishapita Pugu, viwanja vinapimwa, misingi inachimbwa na bloku zinafyatuliwa kando ya barabara. Nyumba hizi tutaishi nazo miaka hamsini na zaidi, lakini hakuna anayeuliza zinatoa hewa ukaa kiasi gani.

Denmark wameuliza. Walianza mwaka 2023 kwa kikomo: jengo jipya la zaidi ya mita za mraba 1,000 nchini humo halikutakiwa kuzidi kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, vifaa vya ujenzi vikihesabiwa.

Kipimo chao hakitutoshi kama kilivyo. Wao hupasha nyumba joto, sisi tunalikimbia. Mzigo wetu mkubwa ni saruji. Mawe ya chokaa huchomwa hadi nyuzi joto 1,450 hivi kupata klinka, kiini cha saruji, na kila tani ya klinka hutoa karibu nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye mawe yenyewe, kabla hujahesabu moto wa tanuri.

Hapa Kisarawe ina utajiri. Vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe ambao ukichomwa kwa nyuzi joto 800 hivi na kuchanganywa na unga wa mawe ya chokaa unaweza kushika nafasi ya karibu nusu ya klinka. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi usiguswe kwa kisingizio hicho, maana mkaa umeshauumiza vya kutosha, na udongo wa mfinyanzi wenye kaolini kiasi unatosha.

Yapo pia matofali ya kufungamana yaliyohimizwa na wakala wa serikali wa nyumba bora, NHBRA: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziingize hesabu ya hewa ukaa kwenye kibali cha ujenzi. Zianze na majengo ya serikali na kampuni zinazojenga nyumba za kuuza. Mwananchi anayejenga kidogo kidogo kwa mshahara wake apewe kwanza ramani za bure, zenye madirisha yanayopokea upepo, na mafundi waliofunzwa. Sheria imfikie baadaye.