Mnunuzi wa mbali ataionaje asali yako?

Asali ya Tabora inajulikana nchi nzima. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuisifu asali aliyonunua husema, "Hii ni ya Tabora." Hata muuzaji wa barabarani ambaye hajafika Tabora husema hivyo. Wengine huchanganya asali na sukari, kisha huibandika jina la Tabora.

Jina limetangulia, lakini fedha haikulifuata. Mfugaji nyuki wa Sikonge, Urambo au Uyui hukaa porini siku kadhaa. Huvumilia moshi na miiba ya nyuki. Hubeba asali kwa baiskeli mpaka kijijini. Kisha mlanguzi huja na gari. Hununua kwa ndoo, na bei huitaja yeye. Mwenye asali hukubali kwa sababu hamjui mnunuzi mwingine.

Siku hizi mnunuzi mwingine anaweza kupatikana kwa simu. Kazi hiyo huitwa kutafuta soko mtandaoni. Wengi huiogopa wakidhani ni ya wasomi wakubwa. Ndugu msomaji, ukiweza kusoma gazeti hili, unaweza kuandika tangazo la asali yako.

USHANGA ULIOKATALIWA

Watu wa Tabora si wageni wa biashara ya mbali. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora ya leo. Kutoka hapo njia iliendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walipeleka bara vitambaa na ushanga, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na jambo hilo halifai kufichwa.

Mwingereza Richard Burton alifika Tabora mwaka 1857. Aliandika mengi juu ya ushanga. Ushanga ulikuwa wa aina nyingi, na kila nchi ilikuwa na aina yake iliyoupenda. Hapa walitaka mwekundu, kule mweupe, na mapenzi hayo yalibadilika. Mfanyabiashara aliyefika na ushanga usiotakiwa aliweza kukosa hata chakula, ingawa mizigo yake ilikuwa imejaa. Kwa hiyo mwenye akili aliuliza kabla ya kuondoka pwani: huko niendako wanataka ushanga gani?

Anayeuza mtandaoni anaanza na swali hilo hilo.

Intaneti ni mtandao unaounganisha simu na kompyuta za dunia nzima. Mtu anayetafuta kitu huandika maneno katika simu yake, na mashine ya kutafutia, kama Google, humwonyesha kurasa zinazohusu maneno hayo. Sasa fikiri. Mnunuzi wa Arusha hawezi kuandika jina lako, maana hakujui. Ataandika "asali mbichi ya Tabora", au "asali ya nyuki wadogo", au "bei ya asali lita moja". Maneno hayo yakiwa hayamo katika ukurasa wako, mashine haitajua kwamba unauza anachotaka.

Tazama matangazo mengi ya sasa. Yameandikwa, "Karibuni wateja wetu wapendwa, tunatoa huduma bora." Huduma ya nini? Iko wapi? Maneno kama hayo ni ushanga usiotakiwa. Andika hivi: "Tunauza asali mbichi ya nyuki wakubwa na nyuki wadogo. Tuko Sikonge, mkoa wa Tabora. Tunatuma mikoani kwa basi." Sentensi tatu fupi, na kila moja inamjibu mnunuzi.

Njia ya kuyajua maneno ya wanunuzi ni kuwauliza. Kila anayepiga simu, mwulize alitafuta nini. Usiandike neno unalolipenda wewe. Andika neno analolitumia yeye.

ANZA NA KIDOGO

Usikimbilie kulipia tovuti. Tovuti ni kama duka la kudumu mtandaoni, na duka lina gharama kila mwaka. Kwanza weka WhatsApp ya biashara katika simu janja. Haina malipo, ila utatumia bando. Ina mahali pa kuweka picha za bidhaa, bei, na saa za kazi. Kama kikundi chenu kina simu moja tu ya aina hiyo, inatosha. Mchagueni kijana mwaminifu aishike, na mwenzake awe anakagua.

Kisha andikisheni biashara yenu katika ramani ya Google. Nayo haina malipo. Google huuliza mahali mlipo na namba ya simu, kisha huhakikisha kwamba ni kweli. Baada ya hapo, mtu aliye Tabora mjini akitafuta asali, jina lenu linaweza kutokea pamoja na njia ya kufika. Wateja wanaweza pia kuandika maoni yao hapo. Mwombeni mteja aliyeridhika aandike. Msijiandikie sifa wenyewe kwa majina ya uongo, kwa sababu Google hukataza jambo hilo.

Picha zina kazi kubwa. Pigeni mchana, mahali penye mwanga, chupa ikiwa safi. Pigeni pia mzinga, msitu na chujio. Picha ya kuazima kutoka kwa watu wengine haifai, maana mnunuzi mwangalifu ameshaiona mahali pengine.

Kikundi kikikua na kutaka tovuti yake, mwambieni fundi maneno haya: iwe nyepesi. Wateja wengi wataifungua kwa simu na kwa bando la kununua. Picha nzito huchelewa kufunguka, na mteja huondoka kabla hajaiona asali. Namba ya simu iwe juu kabisa. Bei iandikwe kwa maandishi ya kawaida, isichorwe ndani ya picha, maana maandishi ndiyo mashine husoma kwa urahisi. Kila aina ya asali iwe na ukurasa wake na kichwa chake.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule unaojibu maswali. Kwa mfano, watu wa mjini wakiona asali imeganda hudhani imetiwa sukari. Wafugaji nyuki wanajua kwamba sivyo. Asali safi nayo huganda, na ukiiweka chupa katika maji ya vuguvugu huyeyuka tena. Andikeni jambo hilo. Andikeni kwa nini asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu. Mtu anayeuliza mambo hayo katika simu yake atafika kwenu, na akifika atakuwa amekwisha pata sababu ya kuwaamini.

Ila mtandao hautengenezi asali mbaya. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huweza kuchacha njiani, na chupa ikavimba. Rina masega yaliyofunikwa kwa nta. Mwone afisa nyuki wa wilaya kuhusu kipimo cha maji. Ofisi ya SIDO ya mkoa huwaelekeza wajasiriamali wadogo jinsi ya kufungasha na kupata alama ya ubora ya TBS. Alama hiyo ikipatikana, ionyesheni katika picha. Mnunuzi hawezi kuonja kwa simu, basi hutazama alama.

WEZI WA NJIANI

Misafara ya zamani ilitembea na walinzi. Wewe mlinzi wako ni macho yako.

Mwizi wa kwanza hujifanya mnunuzi. Anaagiza ndoo tano, halafu unaletewa ujumbe kwamba fedha imeingia. Ujumbe huo ameutunga yeye. Usitazame ujumbe peke yake, tazama salio lako. Fedha ikiwa haimo, ndoo zisipande basi. Namba ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu.

Wa pili huja na maneno matamu: "Nilipe, nitakuweka wa kwanza katika Google." Hakuna mtu anayeweza kuahidi hilo. Google huuza nafasi za matangazo, nazo huwekwa alama kwamba ni tangazo. Nafasi nyingine haziuzwi. Mtu anayekuahidi nafasi hizo anakuuzia kivuli cha mti.

Mnunuzi naye anaogopa kuibiwa. Hajakuona, na kwa kuwa wapo wanaopokea fedha kisha wakazima simu, ana haki ya kuwa na shaka. Mwanzoni mtumie chupa moja, si ndoo. Funga kifuniko vizuri, tia chupa katika mfuko, kisha katika boksi, maana asali hupenda kutoroka kwenye joto la basi. Mpelekee picha ya risiti ya kifurushi. Akipiga simu, pokea. Akiuliza bei, mjibu bei, usimwambie "njoo faragha". Wengi huondoka hapo hapo.

DAFTARI

Nunueni daftari moja. Kila mteja akija, andikeni tarehe, mahali alipo, alichonunua, na jinsi alivyowapata: kwa ramani, kwa WhatsApp, kwa tovuti, au kwa kuambiwa na jirani. Baada ya msimu mmoja, kaeni kikundi kizima mhesabu. Huenda mkaona kwamba ramani isiyo na malipo imeleta watu wengi, na tangazo la kulipia limeleta wawili. Hapo mtajua fedha ya mwakani iende wapi. Andikeni pia bei mliyopata kwa lita, na pembeni yake bei ya mlanguzi, mkitoa gharama ya chupa, bando na basi.

Na asali ikiisha ghalani, siku hiyo hiyo badilisheni tangazo. Andikeni kwamba asali imekwisha, na mtaje mwezi mnaotazamia kurina tena. Mteja aache namba yake, nayo iingizwe katika daftari, ili awe wa kwanza kupigiwa simu.