Kuhamisha Picha za Vidio kutoka Diski hadi Diski

Meli ya Liemba haikuja Kigoma ikielea. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma. Huko mafundi waliiunga upya, na mwaka 1915 ikateremshwa majini. Kazi ya namna hiyo hufaulu kwa masharti mawili: kila kipande kifike, na mahali pa kila kipande pajulikane. Likikosekana sharti la kwanza, hubaki michoro isiyo na meli. Likikosekana la pili, hubaki lundo la chuma.

Mhariri wa vidio anayehamisha kazi yake kutoka diski ngumu moja hadi nyingine hukabiliwa na masharti hayo hayo.

Mradi na picha ni vitu viwili

Watu wengi hudhani kwamba faili la mradi wa uhariri lina picha ndani yake. Sivyo. Kwa kawaida faili hilo lina maagizo tu: kipande fulani kianze sekunde ya 12 na kuishia ya 20, kifuatwe na kingine, sauti ipunguzwe. Pamoja na maagizo hayo imeandikwa anwani ya kila kipande, yaani jina la diski, la folda na la faili. Ndiyo sababu mradi wa filamu ya saa nzima waweza kuwa na megabaiti chache tu, ilhali picha zake zimejaza mamia ya gigabaiti.

Mhariri akinakili faili la mradi peke yake, kompyuta itaufungua mradi lakini itatangaza kwamba picha hazipatikani. Pengine picha zipo, ila anwani imebadilika: diski iliyojulikana kwa herufi D sasa ni E, au folda imepewa jina jipya. Hitilafu hiyo hurekebishika, kwani programu nyingi hukubali kuonyeshwa mahali papya. Hatari kubwa zaidi ni pale kamera mbili zilipoandika mafaili yenye jina moja. Programu yaweza kuunga picha isiyohusika.

Fundisho la Gombe

Uzito wa jambo hili huonekana Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mtu mwezi Julai 1960. Kuanzia mwaka 1962 Hugo van Lawick aliwapiga picha za sinema sokwe hao. Flo, jike mashuhuri kati yao, alikufa mwaka 1972. Hakuna kamera itakayompiga picha tena. Zaidi ya saa 100 za mikanda ya van Lawick zilikaa ghalani nchini Marekani hadi zilipogunduliwa upya mwaka 2014, zikatumika katika filamu ya mwaka 2017 iitwayo Jane. Picha zilikuwa salama, lakini zilikuwa zimechanganyika bila mfuatano, ikawa kazi kubwa kuzipanga. Vipande vilifika, ramani yake ilikuwa imepotea.

Mkanda wa filamu ukiwekwa pakavu na penye baridi hudumu miaka mingi. Diski ngumu haina uvumilivu huo. Ndani yake sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali mdogo kupita unene wa unywele. Yafaa basi diski izimwe kabla ya kupakiwa katika boti, na ikingwe dhidi ya maji na mtikisiko.

Hesabu ya muda

Picha zilizorekodiwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua gigabaiti 45 kwa saa. Saa 100 za picha hizo ni gigabaiti 4,500. Diski inayopokea megabaiti 100 kwa sekunde itahitaji saa 12 na nusu kuzipokea zote. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili laweza kubaki na jina lake kamili, huku ndani yake likiwa pungufu.

Utaratibu unaofaa

Kwanza, tangu siku ya kwanza ya kazi, picha, sauti, muziki, michoro na faili la mradi viwekwe katika folda moja kuu.

Pili, mfumo wa diski mpya uchunguzwe. Ule wa FAT32 haupokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. ExFAT hupokea mafaili makubwa, na hutumika katika kompyuta za Windows na za Apple.

Tatu, mafaili yanakiliwe, yasikatwe na kubandikwa. Ya asili yabaki mahali pake.

Nne, nakala ihakikiwe. Zipo programu zinazokokotoa namba kutokana na yote yaliyomo ndani ya faili. Namba ya nakala ikitofautiana na ya asili, nakala ina kasoro.

Tano, diski ya zamani ichomolewe, ndipo mradi ufunguliwe na kutazamwa mwanzo hadi mwisho. Hatua hii hurukwa na wengi. Diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, mradi waweza kuendelea kusoma picha za diski ya zamani, na mhariri asitambue hadi siku atakapoifuta.

Hata baada ya hapo, nakala zisipungue mbili, tena katika majengo tofauti: moja ikiwa Kigoma mjini, nyingine iwe Ujiji.

Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Picha ambayo nafasi yake katika diski imekwisha kuandikwa picha nyingine haiopolewi.