Waridi la Kwetu, Jina la Wengine

Katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1913, profesa wa fonetiki anajikinga mvua usiku kwenye baraza ya kanisa la Covent Garden, jijini London, huku akiyanukuu katika daftari lake matamshi ya msichana muuza maua. Sisi tunaofundisha isimu tumekitumia kisa hicho miaka na mikaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi lafudhi inavyoweza kumfungia mtu mlango wa riziki. Eliza, msichana mwenyewe, alitamani kuajiriwa katika duka la maua. Maua aliyajua, kilichomzuia ni ulimi. Basi nilipojaliwa safari ya kikazi ya London, niliazimia kuliona soko hilo, tena si kwa jicho la mtafiti bali kama mnunuzi yeyote mwenye mfuko wake mkononi.

Soko lenyewe halipo tena pale Shaw alipoliweka. Lilihamishwa mwaka wa 1974 hadi Nine Elms, kusini mwa mto Thames, na Covent Garden ya leo ni mahali pa mikahawa na watalii. Jina hilo, kwa wanaopenda mambo ya asili ya maneno, linatokana na umbo la kale la neno la Kiingereza lenye maana ya nyumba ya watawa, kwa kuwa hapo zamani palikuwa na bustani ya watawa wa Westminster. Hati ya kifalme ya kuendesha soko ilitolewa mwaka wa 1670. Wafanyabiashara walipohama walilibeba jina lao, wakaongeza tu neno la kuonyesha kwamba hili ni jipya. Mwenye jina hahami bila jina.

Soko la maua hufunguliwa saa kumi za alfajiri na kufungwa saa nne za asubuhi. Nilipanda basi la usiku hadi Vauxhall, nikamalizia safari kwa miguu katika baridi kali. Ndani hakukuwa na joto la kujivunia, maana maua hayapendi joto. Wenye maduka na wapambaji wa harusi walikuwa wakipakia magari yao kwa haraka ya watu ambao siku yao ilikuwa imeanza zamani. Anayekwenda kujinunulia tu haruhusiwi kuwa mzembe. Maua huuzwa kwa fungu zima, si shina moja moja, na bei inayotajwa aghalabu haijatiwa kodi ya asilimia 20. Asiyejua hushtukia hesabu ikivimba mwishoni. Kwa mnunuzi wa fungu moja, mapatano ya bei kama tuyajuayo Marikiti, Mombasa, hayana nafasi kubwa.

Muuzaji niliyemwendea aliniuliza kama nina duka. Nilipomjibu kuwa ninamtafutia mwenyeji wangu maua ya mezani, aliniita kwa neno ambalo sina namna ya kulitafsiri ila "kipenzi", akanionyesha mawaridi mekundu. (Wauzaji wa London huwaita hivyo watu wasiowajua kabisa, wala hakuna anayekasirika. Mwanafunzi wa isimujamii angepata pale kazi ya muhula mzima.) Katoni alimoyatoa ilikuwa na maandishi ubavuni: yametoka Kenya. Na juu ya karatasi iliyoyafunika palikuwa na jina la aina yake, Upper Class, yaani tabaka la juu. Nilicheka, nikamkumbuka Eliza.

Alipojua nitokako, aligonga katoni kwa kidole akasema kwamba basi haya ni ndugu zangu. Akataka kujua tunaliitaje ua hili kwetu. Nikamwambia, waridi. Akalijaribu neno mara mbili, tena vizuri. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara hasa: na aina hii, je, ina jina gani kwa lugha yenu? Jina hatuna. Ua limechipua, likakatwa, likafungwa na kupakiwa na mikono ya Wakenya, lakini jina lake lilifika nchini pamoja na mche.

Si ajabu kwamba tunauza maua kwa wingi hivyo. Naivasha iko karibu na ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na mwanga wake ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Shina la waridi hunyooka na tumba hunenepa. Ua lililokatwa huko husafirishwa kwa ndege likiwa limepozwa. Mengi hupitia Uholanzi, kwenye ule mnada mashuhuri ambamo saa huanza na bei ya juu ikishuka, na anayewahi kuisimamisha ndiye mnunuzi. Lakini aina nyingi za mawaridi hayo zimezalishwa na makampuni ya Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa, na mkulima hulipa ada kwa mwenye aina ndipo aruhusiwe kuipanda. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda haki hizo mwaka wa 1999. Sisemi kwamba ni dhuluma. Aliyetumia miaka akizalisha aina mpya ana haki ya jasho lake. Ninasema tu kwamba mwenye kuzalisha ndiye mwenye kutaja, na mwenye kutaja hulipwa.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili. Neno waridi lilitoka Uarabuni, asumini asili yake ni Uajemi, na langilangi lilisafiri kutoka Ufilipino. Pamoja nayo tunayo afu, kilua, rihani na mkadi. Tumba ni ua kabla halijafumbuka, kikonyo ndicho kilishikacho. Maua yakikusanywa ni shada, yakivaliwa shingoni ni koja, na mwanamke wa pwani alijua kikuba ni kitu gani na hupachikwa wapi. Asumini hutungwa uzini, na kitenzi ni kile kile tunachokitumia kwa mshairi: maua hutungwa, shairi hutungwa. Nani atanionyesha lugha nyingine iliyouheshimu uzi wa muuza maua kiasi hicho?

Msamiati huo ulizaliwa na pua. Katika Mji wa Kale, Mombasa, ua lilinunuliwa jioni kwa ajili ya harufu yake. Mawaridi ya Nine Elms niliyanusa moja baada ya jingine. Mengi hayanukii, kwa kuwa yamezalishwa ili yastahimili safari na kudumu katika chombo. Harufu kubwa mle sokoni ilikuwa ya majani ya mkalitusi. Haiwezekani kuyaingiza maneno ya kikuba katika grinihausi kama yalivyo. Grinihausi ina mambo yake: daraja za ubora, urefu wa shina kwa sentimita, kiasi cha kufumbuka kinachotakiwa na mnunuzi. Mambo hayo Wakenya wanayazungumza kila siku kazini, wakichanganya Kiswahili na Kiingereza, na yamkini wameshayaundia maneno ambayo sisi wa vyuoni hatujayasikia.

Walimu wa Kiswahili walioko Naivasha, Thika na Eldoret wanaweza kutusaidia kuliko kamati yoyote inayoketi Nairobi. Wanao darasani watoto ambao wazazi wao hushinda katika mawaridi. Wawape zoezi moja tu la likizo: kila mwanafunzi amwulize mzazi wake kila kitu, kila kazi na kila kasoro ya ua huitwaje kule shambani, aandike kama alivyosikia, bila kusahihisha. Daftari hizo zikinifikia nitazisoma zote.