Estrojeni na hali ya mshipa inaoukuta
Mwanamke ambaye bado anapata hedhi hupatwa na mshtuko wa moyo mara chache kuliko mwanamume wa rika lake, na pengo hilo hupungua hedhi ikishakoma. Kwa hiyo madaktari wengi waliamini kwamba homoni ya estrojeni huulinda moyo, na kwamba aliyepungukiwa nayo akirudishiwa atasalimika. Mwaka 2002 imani hiyo ilitikisika. Nchini Marekani, utafiti wa Women's Health Initiative uliwagawa kwa kura wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79, lakini ukasimamishwa kabla ya muda wake: waliomeza estrojeni pamoja na homoni nyingine, projestini, walipata saratani ya matiti, kiharusi na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao. Wengi wakahitimisha kwamba estrojeni haiufai moyo. Naona walihitimisha haraka mno, kwa sababu hawakuuliza iliikuta mishipa katika hali gani.

Ateri imetandikwa ndani tabaka moja jembamba la seli. Estrojeni huzichochea seli hizo zitoe naitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli ya ukuta, mshipa ukatanuka na damu ikapita kwa wepesi. Seli zilizochakaa juu ya utando wa mafuta uliojijenga ukutani haziitikii vizuri hivyo. Isitoshe, kidonge hupitia kwanza kwenye ini na kuongeza protini za kugandisha damu. Utando ukipasuka wakati huo, donge huziba njia. Washiriki wa utafiti ule wa 2002 walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wakiwa wameacha hedhi zamani. Mwaka 2016 utafiti wa ELITE, wenye wanawake 643, ulionyesha kwamba estradioli, aina ya estrojeni, ilipunguza kasi ya kunenepa kwa ukuta wa ateri ya shingo kwa walioanza kabla ya miaka 6 kupita tangu hedhi ikome. Waliochelewa miaka 10 au zaidi hawakufaidika.

Je, basi kila mwanamke aanze mapema? La. ELITE ilipima unene wa ukuta, na idadi ile haitoshi kutuambia nani ataepuka mshtuko wa moyo. Homoni itolewe kwa anayesumbuliwa na joto la ghafla la kukoma hedhi, baada ya kupimwa hatari zake. Lakini kipindi chenyewe kisipuuzwe: hedhi inapokoma, lehemu mbaya hupanda, na hapo ndipo presha, sukari na lehemu vipimwe, hata kama kifua hakijawahi kuuma.