Kwa nini tairi huisha upande mmoja, na gharama yake kwa mwenye gari

WENYE magari wengi hushtuka fundi anapowaambia kuwa tairi walilonunua miezi michache iliyopita limekwisha, ilhali wakilitazama kwa nje bado lina meno.

Siri huwa upande wa ndani. Huko mpira huwa umesuguliwa hadi nyuzi za waya zikaanza kuchungulia, na dereva hawezi kuuona upande huo mpaka akate usukani hadi mwisho au gari liinuliwe kwa jeki.

Katika soko la Kariokor, jijini Nairobi, jambo hili lina sura yake ya pekee. Soko hilo, katika mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, limesifika kwa miaka mingi kwa akala, yaani viatu vinavyochongwa kutokana na matairi makuukuu.

Tairi linaweza kufika mikononi mwa mchonga akala kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumika sawasawa hadi meno yote yakaisha. Ya pili ni kuliwa ukingo mmoja tu, huku sehemu iliyosalia ikiwa na mpira ambao ungelipeleka gari maelfu ya kilomita zaidi. Mchonga viatu hapati hasara kwa njia yoyote kati ya hizo. Anayepata hasara ni yule aliyelinunua tairi likiwa jipya.

Jinsi ya kulisoma tairi

Tairi huacha ushahidi wa kila kasoro ya gari, na ushahidi huo husomeka kwa macho na kwa kiganja cha mkono.

Likiisha kingo zote mbili huku katikati pakiwa pazima, upepo umekuwa haba kwa muda mrefu. Likiisha katikati huku kingo zikibaki, upepo umekuwa mwingi kupita kiasi. Hali hizi mbili hazihitaji fundi. Zinahitaji kipimo cha upepo, na vituo vingi vya petroli hujaza upepo bila malipo. Kiwango kinachofaa huandikwa kwenye kibandiko kilichoko pembeni mwa mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari.

Likiwa na mabonde na vilima kuzunguka duara lake, lawama huwa ya shoki zilizochoka au gurudumu lisilo na uzani sawa pande zote. Gurudumu la namna hiyo ndilo hutetemesha usukani gari linaposhika kasi ya barabara kuu, na dawa yake ni balansi, yaani kubandika vipande vidogo vya uzani kwenye rimu.

Lakini likiisha upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, mshukiwa mkuu ni mpangilio wa magurudumu, ambao mafundi huuita alaimenti. Balansi na alaimenti ni kazi mbili tofauti, na anayelipia moja akidhani amepata zote mbili hurudi nyumbani na tatizo lile lile.

Pembe tatu

Magurudumu hupangwa kwa pembe tatu. Ya kwanza huonekana mtu akiyatazama magurudumu kutoka juu. Yanapaswa kuelekea mbele yakiwa karibu sambamba. Yakielekeana ndani, kama nyayo za mtu anayetembea vidole vikitazamana, kingo za nje ndizo huliwa. Yakitazama nje, huliwa kingo za ndani.

Pembe ya pili huonekana mtu akisimama mbele ya gari: je, gurudumu limesimama wima au limeinama? Lililoinama sana huelemea ukingo mmoja na kuumaliza. Pembe ya tatu ni mwinamo wa mhimili wa usukani, mithili ya uma wa baiskeli. Hii humsaidia dereva kwenda moja kwa moja, lakini kwa kawaida haimalizi tairi kwa kiwango cha zile mbili.

Kati ya zote, pembe ya kwanza ndiyo mharibifu mkubwa. Gurudumu likipotoka kwa nusu nyuzi tu, kiasi kisichoonekana kwa macho, kila kilomita moja gari linayokwenda mbele huandamana na mburuto wa kando wa karibu mita tisa. Ni sawa na kulisugua tairi kwenye lami kama msasa, mchana kutwa. Anayepitisha kiganja juu ya meno ya tairi la namna hii huhisi ulaini akienda upande mmoja, na makali kama ya msumeno akirudi.

Kinachoyapotosha magurudumu si fumbo. Ni mashimo ya barabarani, matuta yanayorukwa bila kupunguza mwendo, ukingo wa barabara unaopandwa dereva akitafuta nafasi ya kuegesha, na mizigo inayozidi uwezo wa gari. Huongezeka bushi, tairodi na boli jointi zilizolegea kwa uzee. Aidha, wenye magari madogo kutoka Japani wanaoyainua kwa spesa ili yasiguse matuta hubadilisha pembe hizo bila kujua, na wasipopima upya baada ya kazi hiyo, matairi ndiyo hulipa.

Hesabu ya hasara

Wengi huiona alaimenti kuwa gharama ya anasa. Hesabu rahisi huonyesha kinyume. Tuseme tairi moja limenunuliwa kwa Sh8,000 na lilitarajiwa kwenda kilomita 40,000, lakini likaliwa upande mmoja na kutupwa baada ya kilomita 15,000. Kilomita 25,000 zilizopotea ni sawa na Sh5,000. Kwa matairi mawili ya mbele, ni Sh10,000. Hata kama upimaji na urekebishaji ungegharimu Sh2,000, mwenye gari angekuwa ameokoa Sh8,000, yaani bei ya tairi zima.

Kwa dereva wa teksi au wa matatu anayepaswa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila jioni, tofauti hiyo huwa ni karo ya shule au kodi ya nyumba. Isitoshe, gurudumu linaloburutwa huongeza mzigo wa injini, na kwa hivyo mafuta.

Hata hivyo, alaimenti yenyewe inaweza kuwa pesa zilizotupwa ikifanywa kwa mpangilio mbaya. Kazi huanza kwa upepo, kisha ukaguzi wa bushi, tairodi na boli jointi. Kilicholegea hubadilishwa kwanza. Kulinganisha magurudumu yaliyoshikiliwa na vyuma vinavyocheza ni kama kupima nguo kwa mtu asiyetulia: vipimo hubadilika gari likiingia shimo la kwanza. Mwenye gari anayerudi kwa alaimenti kila mwezi ana sababu ya kushuku vyuma vyake, au fundi wake.

Wapo mafundi wa jua kali wanaotumia uzi uliovutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele. Njia hiyo inaweza kurekebisha upotovu mkubwa wa pembe ya kwanza, lakini si rahisi ipime mwinamo wa gurudumu kwa usahihi. Mashine ya kompyuta huweza kutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, na mteja ana haki ya kuiomba. Ajue pia kuwa katika magari mengi madogo pembe ya pili haina skrubu ya kuirekebishia kiwandani. Ikiwa imepotoka, huenda kuna chuma kilichopinda au springi iliyochoka.

Jambo jingine ni kwamba alaimenti haiponyi tairi lililokwisha kuliwa. Huzuia tu hasara isiendelee. Ndiyo maana hushauriwa kuhamisha matairi, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, na kuyatazama upande wa ndani wakati huo huo.

Mnunuzi wa mitumba

Kiwanda cha Nairobi kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana kilifungwa mnamo 2016, na soko la Kenya likazidi kutegemea matairi ya kutoka nje. Anayenunua la mtumba hana budi kulizungusha lote na kukagua kingo zote mbili. Atafute pia tarakimu nne za mwisho katika nambari zinazoanza kwa herufi DOT ubavuni: 2419, kwa mfano, humaanisha wiki ya 24 ya mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani.

Tairi jipya la gari dogo huwa na meno yenye kina cha takriban milimita nane. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo. Meno yakilingana navyo, kina kimefika milimita 1.6, kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa katika nchi nyingi, zikiwemo za Muungano wa Ulaya.

Kiwango hicho hakikuwekwa ili kuwatajirisha wauza matairi. Kazi ya mifereji ni kuyapisha maji. Mvua inaponyesha na tairi likawa halina meno, hata kama ni ukingo mmoja tu, maji huingia kati ya mpira na lami, breki zikakosa pa kushika na usukani ukawa mwepesi mikononi mwa dereva. Wakati huo gharama haihesabiwi tena kwa shilingi, na aliyeketi kiti cha nyuma, ambaye hakuulizwa lolote kuhusu matairi, hulipa sawa na mwenye gari.